Anza na Uwanja: Kufuatilia Historia ya Timu za Eastlands Kabla ya 1970

Ukiuliza pale Kaloleni, mmoja wa mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, timu ya mtaa ilianza lini, wazee watatu watakupa miaka mitatu, na huenda wote wana haki. Mmoja anahesabu kuanzia siku ile vijana walipochanga pesa za mpira wa ngozi. Wa pili anahesabu tangu timu ilipokubaliwa ligini. Wa tatu ana cheti cha usajili kilichotiwa fremu, kina muhuri na sahihi, na kwake mjadala umefungwa. Anayechagua mwaka mmoja na kuitupa ile mingine ameiharibu kazi kabla haijaanza. Iandike yote mitatu, kila mmoja kwa jina lake: mwaka wa kuchanga, mwaka wa ligi, mwaka wa cheti.

Cheti ndicho kinachopotosha zaidi, kwa sababu kina tarehe kamili na watu huheshimu tarehe kamili. Lakini Sheria ya Michezo ya 2013 ilileta Msajili wa Michezo, na klabu zilizokuwa zimesajiliwa kama vyama zikatakiwa kujisajili upya. Klabu ya wazee waliocheza kabla ya Uhuru inaweza kuwa na cheti kipya kabisa ukutani. Hata cheti cha zamani kinaonyesha siku karani alipogonga muhuri, si siku watu walipoanza kupiga mpira. Pengo kati ya siku hizo mbili laweza kuwa miaka kumi.

Ndiyo maana napendekeza uanze na uwanja, klabu ifuate. Klabu huungana, hugawanyika, hubadili jina na kufa. Uwanja hukaa pale pale, na hata ukijengwa nyumba huacha alama kwenye ramani.

Mtaa unakupa mwaka wa chini

Kabla ya kumwuliza mtu yeyote swali, jua umri wa mtaa wenyewe. Reli ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, na makazi ya wafanyakazi wake, zile landhi za Muthurwa zilizoipa Landhies Road jina lake, ni miongoni mwa makazi ya mwanzo ya Waafrika upande wa mashariki. Kariokor ina jina la Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Pumwani ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, Ziwani na Kaloleni zikafuata katika miaka ya 1940, kisha Bahati, kisha Mbotela na Ofafa.

Orodha hii ni chombo cha kupimia. Mtaa wa Mbotela una jina la diwani Tom Mbotela, aliyeuawa mwishoni mwa 1952. Ofafa ina jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa 1953. Basi timu yenye neno Ofafa ndani ya jina lake haiwezi kuwa ilicheza 1950, hata aliyekusimulia awe mwaminifu namna gani. Mara nyingi mzee hasemi uongo. Vijana walewale walikuwa wakicheza 1950 kwa jina lingine, kwenye kiwanja kingine, wakahamia nyumba mpya na kuivalisha timu jina jipya. Swali la kumfuatishia ni hili: "Mzee, kabla hamjahamia hapa mlikuwa mnachezea wapi?" Jibu lake hukurudisha nyuma hatua nzima.

Uwanja mkuu wenyewe umebadilishwa jina kiasi cha kumchanganya anayepekua magazeti. Ule ulio kando ya Jogoo Road, karibu na soko la Burma na Kaloleni, utaukuta ukiitwa African Stadium, Donholm Road Stadium, Jogoo Road Stadium, City Stadium, na tangu 2019 Uwanja wa Joe Kadenge. Barabara yenyewe iliitwa Donholm Road wakati wa ukoloni. Asiyejua hilo huhesabu viwanja vitano na mechi tano mahali palipo na kiwanja kimoja na mechi moja. Weka karatasi ya majina ya zamani na ya sasa mezani kabla ya kufungua gazeti la kwanza. Victoria Street ni Tom Mboya, Duke Street ni Ronald Ngala, Government Road ni Moi Avenue. Racecourse Road imebaki na jina lake ingawa farasi walihamia Ngong Road mwaka 1954.

Viwanja vidogo havina hata majina matano ya kufuatilia. Kwa hivyo nenda Survey of Kenya pale Ruaraka, uulize ramani za zamani za mji na picha zilizopigwa kutoka angani. Kwenye ramani ya 1:2,500, kiwanja cha mita 100 kwa 64 kina urefu wa sentimita 4 na upana wa zaidi kidogo ya sentimita mbili na nusu. Kwenye picha ya 1:10,000 urefu ni sentimita moja tu, kwa hivyo beba kioo cha kukuzia. Usitafute mistari ya chokaa, hiyo haionekani. Tafuta mabaka mawili yasiyo na nyasi, moja kila upande, pale makipa wanaposimama, na baka la tatu katikati. Ukiyaona matatu kwenye mstari mmoja, umepata kiwanja ambacho pengine hakuna karatasi iliyowahi kukitaja.

Udongo wenyewe una habari. Eastlands kwa sehemu kubwa imekalia udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Mvua ndefu za Machi hadi Mei hugeuza kiwanja kuwa tope linalong'oa njumu, na ikifika Februari nyufa zinaweza kummeza mtu kifundo cha mguu. Ukiona daftari la timu limenyamaza Aprili nzima, usikimbilie kuandika kwamba timu ilivunjika. Tazama kwanza kama timu za jirani nazo zilinyamaza. Zikiwa zimenyamaza zote, ni mvua.

Mwanga nao. Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na viwanja vya mitaa havikuwa na taa. Mechi ya dakika 90 pamoja na mapumziko, ikianza saa kumi na nusu, inamalizika saa kumi na mbili na ushei. Muda wa nyongeza wa nusu saa unaingia gizani. Hii ndiyo sababu utakuta fainali za zamani zilizorudiwa mara mbili au tatu, na mtu wa leo akadhani kulikuwa na fujo. Na ukikuta katika daftari la katibu "mechi saa 4", amua kwanza kama anaandika saa za Kiswahili au za Kizungu. Wengi walichanganya zote mbili kwenye ukurasa mmoja.

Ya mwajiri, ya nyumbani, ya mtaa

Timu za Waafrika mjini kabla ya Uhuru ziliota kwenye mashina matatu, na kila shina lina karatasi zake. Timu ya mwajiri, kama ya reli, polisi, magereza au ya baraza la mji, ilikuwa na ofisi, mashine ya chapa na mtu wa kulipwa kutunza jezi. Hapo unatafuta majarida ya wafanyakazi na barua. Timu ya chama cha watu wa nyumbani, yaani waliotoka sehemu moja ya mashambani, ilikuwa na kumbukumbu za mikutano na daftari la michango. Timu ya mtaa ilikuwa na mpira mmoja, ukilala chini ya kitanda cha nahodha. Karatasi zake ni chache kuliko zote, na ndiyo inayohitaji wazee zaidi.

Mchezaji mmoja aliweza kuwa kwenye mashina yote matatu wiki moja: katikati ya juma anachezea kazini, Jumamosi mtaani, Jumapili chama cha nyumbani. Majina yaleyale ukiyakuta kwenye orodha tatu, usidhani ni makosa ya gazeti.

Vyama vya nyumbani ndivyo vilivyozaa klabu kubwa, na hapa mitego ni mingi. Ligi ya taifa ilianza 1963, bingwa wa kwanza akawa Nakuru All Stars. Luo Union ilitwaa 1964, Feisal ya Mombasa 1965, Abaluhya 1966 na 1967. Abaluhya yenyewe iliundwa 12 Machi 1964 kwa kuunganisha klabu ndogo zenye majina ya sehemu za Magharibi, kama vile Marama, Bunyore, Kisa na Samia. Kwa hivyo mzee wa Makongeni anaposema alichezea Bunyore hapa Nairobi, hazungumzii timu ya kijijini. Anazungumzia jiwe mojawapo la msingi wa klabu ambayo leo mashabiki wanaiita Ingwe.

Gor Mahia ilizaliwa 17 Februari 1968, Luo Union na Luo Stars zilipoungana, ikachukua ligi mwaka uleule. Jina ni la Gor wuod Ogada, mganga mashuhuri wa Kanyamwa. Mwandishi akishasoma hivyo huifuta Luo Union kuanzia 1968, na hapo anakosea. Luo Union ilirudi katika miaka ya 1970, ikatwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati 1976 na 1977. Mtu akikuambia alivaa jezi yake 1975, mwamini. Halafu mwaka 1980 serikali ikaagiza klabu ziache majina ya kikabila: Luo Union ikawa Re-Union, na Abaluhya ikawa AFC Leopards, herufi A, iliyosimamia Abaluhya, ikapewa maana mpya. Watu waliendelea kuita kwa jina la zamani kwa miaka mingi. Ukimsikia mtu akisema "Abaluhya" kuhusu mechi ya 1983, mwaka unaweza kuwa sawa kabisa, ni ulimi tu uliobaki nyuma.

Ushauri wangu ni kuchora mti wa majina kabla ya kuandika sentensi yoyote. Karatasi kubwa, miaka kwenye ukingo wa kushoto, kila timu mstari wake. Panapoungana, mistari ikutane. Penye kubadili jina, andika jina jipya juu ya mstari uleule. Timu kumi za mtaa mmoja hujaza karatasi moja ya A2, na makosa mengi yatajionyesha yenyewe hapo.

Mwaka 1970 kama kizingiti

Kuna njia ya kupima kumbukumbu bila kumvunjia mzee heshima, nayo ni sheria za mchezo. Kadi ya njano na nyekundu ziliingizwa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza Mexico 1970. Wachezaji wa akiba kuingia katikati ya mechi, Kombe la Dunia liliruhusu mwaka huohuo. Mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi baada ya sare iliingizwa kwenye sheria 1970 pia. Na mpira wa madoa meusi na meupe ulienea duniani kupitia mashindano yaleyale. Kabla yake mpira wa kawaida ulikuwa wa ngozi ya rangi moja, na ule wa zamani zaidi ulikuwa na kamba mdomoni, ukinyewa unakuwa mzito kama jiwe.

Kwa hivyo simulizi la fainali ya 1962 iliyoamuliwa kwa mikwaju ya penalti lina tatizo. Ama mwaka si huo, ama kilichotokea ni penalti moja ndani ya mechi, ama mshindi alipatikana kwa kurudia au kwa kurusha sarafu na kumbukumbu ikavaa nguo za baadaye. Usimkatize anayesimulia. Mwache amalize, kisha uliza: "Mlirudiana siku nyingine?" Mara nyingi atakumbuka mwenyewe. Ila tahadhari: mechi za kirafiki zilikuwa na mapatano yake, na makapteni waliweza kukubaliana kubadilisha mtu aliyeumia. Kizingiti hiki kinafaa kwa ligi na makombe, si kwa mchezo wa sikukuu.

Namba za wachezaji nazo zinahitaji kusomwa kwa mpango wa zamani. Mfumo uliotawala ulikuwa mabeki wawili, viungo watatu, washambuliaji watano. Kipa namba 1, mabeki 2 na 3, viungo 4, 5 na 6, winga wa kulia 7, wa kushoto 11, na katikati yao 8, 9 na 10. Mzee akisema "nilicheza namba nne", usiandike beki wa kati. Alikuwa kiungo wa kulia. Na hii ndiyo njia bora ya kuamsha kumbukumbu ya kikosi. Ukisema "nitajie wachezaji", utapata sita. Ukisema "golini alikuwa nani? Namba mbili je?" na kuendelea hadi kumi na moja, mara nyingi unapata tisa au kumi, na zile nafasi tupu unampelekea mzee mwingine.

Magazeti, na hesabu ya kuyasahihisha

East African Standard iliandika sana michezo ya Wazungu, na kwa kiasi ya Wahindi na Wagoa, hasa kriketi na magongo. Mpira wa Waafrika unaupata zaidi katika Baraza, gazeti la wiki la Kiswahili lililoanza 1939, na kuanzia 1960 katika Taifa Leo na Daily Nation. Tafuta kwenye Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue na maktaba ya McMillan katika Banda Street. McMillan ina matawi mawili huku kwetu, Kaloleni na Makadara, na wahudumu wa matawi huwa wanawajua wazee wa mtaa kuliko orodha yoyote.

Gazeti la wiki lina hila ya tarehe. "Jumapili iliyopita" huenda ilikuwa siku nne au siku kumi na moja kabla ya tarehe ya juu ya ukurasa, kutegemea habari ilifika lini. Kwa hivyo piga kila tarehe kwenye kalenda. Kwa mfano 17 Februari 1968 ilikuwa Jumamosi, basi mtu akiandika "Jumapili tarehe 17 Februari" kuna kitu kimepotea, ama siku ama tarehe. Barua nazo zina alama zake: yenye kichwa cha baraza la manispaa kwa kawaida ni ya kabla ya 30 Machi 1950, siku Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji.

Jedwali la ligi likiwa limechapwa vibaya, hesabu hulifichua. Timu 10 zikicheza nyumbani na ugenini zina mechi 90, kila timu 18. Enzi hizo ushindi ulikuwa pointi mbili na sare moja, kwa hivyo pointi zote zikijumlishwa lazima ziwe 180. Mabao ya kufunga ya timu zote lazima yalingane na ya kufungwa. Jumla ya ushindi lazima ilingane na jumla ya kushindwa. Safu ya sare ikijumlishwa lazima itoe namba shufwa, kwa kuwa kila sare inahesabiwa kwa timu mbili. Jedwali la katikati ya msimu hupimwa vivyo hivyo: jumlisha safu ya mechi zilizochezwa, gawa kwa mbili, kisha zidisha kwa mbili upate pointi. Ikikosekana moja tu, tafuta tarakimu iliyopinduka, sana sana 3 na 8, au 1 na 7. Zikikosekana pointi mbili kamili na mabao yako sawa, fikiria mechi iliyoamuliwa mezani.

Usiwahi kugeuza jedwali la zamani liwe la pointi tatu ili lifanane na la leo. Timu nyingi zilicheza zikitafuta sare ugenini kwa sababu sare ilikuwa nusu ya ushindi, na ukigeuza hesabu unawanyang'anya mantiki yao.

Ukikuta pia matokeo ya wakimbiaji kwenye magazeti hayo, kosa linalorudiwa ni yadi na mita. Michezo ya Jumuiya ya Madola iliendelea na yadi hadi 1966 na kuhamia mita 1970, na rekodi za michezo ya shule na ya makampuni hapa zilifuata mkondo huo. Yadi 100 ni mita 91.44, yadi 440 ni mita 402.3, na maili ni mita 1,609. Muda wa saa ya mkono unapolinganishwa na wa umeme huongezewa sekunde 0.24 kwa mbio za mita 100 na 200, na 0.14 kwa 400. Na Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi: mwenye mbio fupi husaidiwa, wa mbio ndefu huchelewa. Aliyeshinda maili tatu hapa kwa muda unaoonekana wa kawaida hakuwa mkimbiaji wa kawaida.

Pengo la 1954

Kwa miaka ya 1952 hadi 1960 kuna jambo ambalo hesabu haiwezi kulirekebisha. Hali ya hatari ilitangazwa 20 Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, iliuzunguka mji, na maelfu kwa maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru wakakamatwa na kupelekwa vizuizini. Timu iliyokuwa na watu hao ilipoteza nusu ya kikosi, au kikosi kizima, kati ya wikendi moja na nyingine. Karatasi nyingi zilichomwa na wenyewe, kwa sababu daftari lenye orodha ya majina na michango ya pesa lilikuwa kitu cha hatari kukutwa nacho.

Kwa hiyo orodha ya 1953 na ya 1955 za timu moja zikiwa hazifanani hata jina moja, usiandike kwamba klabu ilizembea. Na usiruke miaka hiyo kimyakimya. Andika waziwazi kwamba kikosi kilikatika na sababu yake. Naliona hili kuwa jukumu zito kuliko mengine yote katika kazi hii, kwa sababu wale vijana hawakuacha mpira kwa hiari yao, na historia inayowaruka inawakamata mara ya pili.

Ukifika kwenye swali hili, zima kinasa sauti kwanza na uulize kama mzee angependa kulizungumzia. Wengine watakataa, na hapo unaacha.

Kukaa na mzee

Mwone kila mzee peke yake mara ya kwanza. Wawili wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa hushinda, na mwenzake huanza kukumbuka alichosikia badala ya alichokiona. Baada ya kila mmoja kutoa lake, ndipo uwakutanishe wagombanie tofauti zao. Mjadala huo una thamani kubwa, ila lazima uje wa pili.

Dakika 45 hadi 60 zinatosha kwa kikao kimoja. Simu iwekwe hali ya ndegeni isije ikaita, iwe karibu na msemaji, juu ya kitambaa ili meza isigongwe. Taja tarehe, mahali na jina lake mwanzoni mwa sauti. Omba ruhusa ya kutumia, kwa maandishi, na eleza itawekwa wapi. Usianze na "mlianza lini". Anza na kazi: aliajiriwa wapi, aliishi nyumba gani, walibadilishia nguo wapi. Mtu anakumbuka mwaka aliohamia nyumba mpya au kupata mtoto wa kwanza kuliko mwaka wa kombe, na mechi inaweza kuning'inizwa kwenye msumari huo.

Halafu uliza nani alifua jezi. Swali hili linafungua mlango ambao daftari za makatibu ziliufunga. Jezi kumi na moja za pamba zenye tope jeusi zilifuliwa na mama au mke wa mtu, zikaanikwa, zikahesabiwa, na mfuaji alijua nani kaitwa na nani kaachwa wiki ile. Akina mama hao wanakumbuka majina ya utani, wake, na wanaume walikokwenda baada ya mpira. Waulize pia kuhusu netiboli, kwa kuwa magazeti yaliipa mistari miwili au hayakuipa chochote. Wanawake wa kwanza wa Kenya kwenda Olimpiki walikwenda Mexico 1968, na kabla ya wao kulikuwa na wasichana waliokuwa wakikimbia kwenye michezo ya shule ambao hawajaandikwa popote.

Kila matokeo unayoyapata, yaweke kwenye mstari mmoja wa daftari au lahajedwali: tarehe, uwanja, timu ya nyumbani, mabao, timu ngeni, mashindano, chanzo, na daraja la uhakika. Madaraja matatu yanatosha. A ni chapa ya wakati ule au karatasi ya klabu, B ni watu wawili waliohojiwa mbalimbali wakakubaliana, C ni mtu mmoja. Usipandishe C kuwa B kwa sababu tu habari ni tamu.

Picha

Picha ya timu ni hati iliyojaa maneno kwa anayejua kuisoma. Kipa ndiye mwenye jezi tofauti. Nahodha kwa kawaida yuko katikati ya safu ya mbele, mpira miguuni pake, na mara nyingine mwaka umeandikwa kwa chokaa juu ya mpira wenyewe. Wasio na jezi walio pembeni ni viongozi, na hao ndio waliosaini barua utakazozikuta kwenye makavazi. Tazama miguu: wengine wana njumu, wengine hawana, jambo la kawaida miaka ya 1950. Tazama nyuma yao: paa, mti, ukuta wa jukwaa, maana hapo unarudi kwenye uwanja ulioanza nao. Geuza picha utafute muhuri wa studio.

Usiing'oe kwenye albamu ikiwa imegandishwa. Ipige hapo hapo, kando ya dirisha, bila mwanga wa kamera, simu ikiwa sambamba na karatasi. Ikitoka kwa urahisi, itie kwenye skana kwa 600 dpi, na ikiwa ndogo kama kadi ya kitambulisho tumia 1,200. Hifadhi kwa TIFF, nakala ya JPEG iwe ya kutumiana tu. Ipe jina linaloanza na mwaka, mwezi, mtaa na namba, hivi: 1958-06_kaloleni_003. Mwezi usiojulikana andika 00. Tunza nakala tatu, moja isikae nyumba moja na nyingine. Picha yenyewe irudi kwa mwenyewe siku ileile. Familia nyingi zimewahi kutoa picha ya pekee ya baba yao na hazikuiona tena, ndiyo sababu mlango wa nyumba ya pili huwa mgumu kufunguka.

Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, 2B, bila kukandamiza, kwani wino hupenya. Fuata mpangilio wa magazeti: waliosimama kutoka kushoto, kisha waliochuchumaa kutoka kushoto. Kila mtu apewe namba hata kama hana jina, na jina la utani liandikwe kando ya jina la ubatizo na la baba, kwa sababu gazeti lilitumia moja, cheti kikatumia jingine na mtaa ukamjua kwa la tatu. Nafasi isiyo na jina iache wazi ikiwa na namba yake, upeleke nakala kwenye tawi la maktaba la Kaloleni, na uibandike ikiwa imeandikwa chini: namba 9, aliyechuchumaa, wa tatu kutoka kushoto, anayemjua aandike hapa.